Sufuria Lililovuka Peke Yake

Vijana wa Tibirinzi mliofungua kikundi cha kupikia shughuli, mmenijia barazani zaidi ya mara moja na simu zenu mkononi, mkitaka niseme na nyinyi mrikodi namna ya kupika pilau ya watu wengi. Nikawajibu kwa mkato, mkaondoka mmenuna. Niwieni radhi. Mlikuja alasiri, na alasiri goti langu halitaki kuzungumza na mtu. Sasa nimetulia nawaandikia. Lakini nakuambieni mapema kwamba mpishi akizeeka hawezi kueleza kupika bila ya kueleza aliowapikia, na mimi katika wote hao yuko mmoja niliyetamani kumwona kwa miaka mingi. Mtavumilia.

Tuanze na chumvi. Chumvi ya wali huonjwa kwenye maji. Yakishachemka chota kidogo, yapoze, onja. Yakikufanya ukunje uso kidogo, yametosha, maana mchele utaimeza ile chumvi yote. Ukingoja wali uive ndipo uonje, umeshachelewa, na chumvi ya kunyunyiza juu kila mtu huijua. Mchele mpya hutaka maji machache, wa zamani hutaka mengi. Kama hujui umri wa mchele usimuulize mwenye duka, atakwambia anachotaka kukuuzia. Tafuna punje mbili mbichi, mpya hukatika laini na wa zamani hupasuka.

La pili, sufuria kubwa hulioni ndani, kwa hivyo lisikilize. Kwanza litatokota kwa kelele, halafu kelele itashuka, halafu utasikia kitu kinanong'ona chini. Hapo toa kuni, punguza moto, palia makaa juu ya mfuniko, na ondoka. Ondokeni wote. Wali mwingi ulioharibika Pemba hii umeharibiwa na watu wanaofungua mfuniko kuangalia.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kombo wa Ole, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye ulimi mrefu. Shughuli yangu ya kwanza nilifungua mfuniko, akanigonga vidole kwa mwiko. "Wafungua nini? Wadhani nchele wakimbia?" Watu waliokuwa wakimenya viazi wakacheka, na jina la Mkimbiza Mchele likanikaa mpaka nikaoa.

Mzee Kombo alikuwa na sufuria moja la shaba, kubwa, mtoto angeweza kuoga ndani. Alilirithi kwa baba yake. Akilifunga nyuma ya baiskeli, tunatoka Ole mpaka Chake Chake au kokote tulikoitwa, yeye anasukuma na mimi nafuata nimebeba mwiko. Sufuria la shaba lina maringo yake. Ndani hutiwa bati, na bati likichakaa shaba hutoa ukungu wa kijani unaoumiza matumbo ya watu, kwa hivyo kila likichakaa lazima lipelekwe kwa fundi. Mafundi wa kutia bati siku hizi hawapo tena. Nyinyi mna masufuria mepesi na majiko ya gesi, na wali wenu mnautia kwenye maboksi, kila mtu na lake, anakwenda kula peke yake kwenye ngazi. Silaumu. Sisi tulipakua kwenye sinia, watu wanne wanne, na mtu mkorofi akiwekwa sinia moja na hasimu wake, tonge la tatu wameshaanza kusogezeana nyama.

Sasa niwaeleze habari ya ukoko, kwa kuwa ndimo alimo huyo ninayemsema. Mdogo wangu wa kike jina lake Mize. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu. Wali ukishapakuliwa, mama aliung'oa ukoko wa chini ya chungu, akaukata pande mbili, na kila siku Mize alichukua pande kubwa. Nikilalamika, mama alisema mimi ni mkubwa, nimwachie. Nikimwambia Mize basi leo tubadilishane, alikuwa ameshautia mdomoni. Nilikua na njaa hiyo ndogo ya pande kubwa la ukoko, na sijui kama imewahi kunitoka.

Mize aliolewa na Haji, mvuvi wa Kisiwa Panza, mtu mpole asiyeweza kukaa nchi kavu wiki mbili. Harusi tuliipika sisi, Mzee Kombo na mimi. Siku yenyewe wazee wakaniita niingie mkekani nikae na jamaa, mimi ni kaka wa bibi harusi, iweje niwe jikoni. Nikaanza kunawa mikono. Mzee Kombo akanitazama, akasema neno ambalo nimetembea nalo umri wangu wote.

"Mwenye mwiko hatembei, Faki. Kenda kazini. Ukitaka kuwa mgeni leo, weka mwiko chini, na mie n'tamtafuta ntu mwengine."

Alimaanisha kwamba mgeni aliyekuja kutembea anakaa, analishwa, na wali ukiwa mbichi ana haki ya kusema. Mpishi hana haki hiyo. Anakula wa mwisho na wali ukiwa mbichi ni wake. Huwezi kuwa yote mawili nyumba moja. Nilikuwa kijana, nikaona fahari kubwa kuchagua mwiko. Nikah ya dada yangu niliisikia nyuma ya ukuta wa makuti, nikiwa nimeinama nalisikiliza sufuria. Baadaye, wakati bi harusi yuko ndani na hina zake na udi, akaja bibi mmoja jikoni kanyong'onyea kwa aibu, akaniambia bi harusi anaomba ukoko. Nikaung'oa, nikaukata pande mbili, nikampelekea kubwa.

Ilikuwa ada ya wavuvi kwenda dago, yaani kuhamia kwa msimu mahali penye samaki, wakapiga kambi, wakavua, wakakausha, wakarudi. Haji alikuwa akienda dago upande wa pili, Shimoni ya Kenya, na mwaka ule vyama vingi bado ni maneno ya redioni tu, akamchukua Mize. Walisema msimu mmoja. Wakapata mtoto kule, halafu nyumba, halafu mtoto mwengine. Siku hizo hatukuona ni mbali. Mtu alitoka Pemba na kikapu chake, akashuka kule, akaulizwa habari za kwao, basi. Mize alikuja siku kuu, alikuja mama alipoumwa, alikuja kuchuma karafuu msimu ulipokuwa mzuri. Hakuna aliyemwambia wewe wa wapi.

Kisha vyama vikaja kweli, na nyinyi mliozaliwa nyuma ya hapo hamtaamini nikiwasimulia. Tulipika harusi moja ya mtaa mzima, masufuria mawili yamejaa, na upande mmoja wa njia haukuja. Walikuwa wa chama kile, na mwenye harusi wa chama hiki. Mzee Kombo akaamuru tuwapelekee masinia majumbani mwao. Tukabisha hodi, wakaitikia salamu kama Waislamu, wakasema hawali. Masinia yakarudi yalivyo, nyama juu. Ndiyo mara pekee niliyomwona Mzee Kombo akilia, amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anajipangusa kwa kofia. Hakusema kitu cha siasa. Alisema tu kwamba hajawahi kurudishiwa sinia.

Watu wa mtaa mmoja walikuwa hawavuki njia, fikirini bahari ingekuwaje. Baada ya uchaguzi mmoja mambo yakawa mabaya, watu wakakimbilia kule kule Shimoni, na tangu hapo pande zote mbili zikaanza kutazama nani anashuka na nani anapanda. Haji akakamatwa. Kule walimuuliza kitambulisho cha kule, hana. Wakamuuliza cha kwao, hana, maana sisi tulizaliwa majumbani na mkunga, na alitoka Kisiwa Panza kabla mtu yeyote hajaanza kuulizana vitambulisho. Walimfungia siku kadhaa, kisha akatolewa na wavuvi wenzake. Mize akaingia hofu. Kule waliitwa Wapemba, wageni, na huku sheha mpya, mkuu wa mtaa, hamjui. Kutoka ataweza, kurudi kwa wanawe nani amhakikishie? Akaacha kuja.

Mama alifariki bila ya kumwona. Nilituma habari kwa mabaharia, zikamfika matanga ya msiba yameshaanuliwa. Mama siku zake za mwisho alikuwa akiniuliza kama Mize ameshakula. Nilimjibu ameshakula, mama. Mpaka leo swali lile likinijia natoka nje.

Mzee Kombo naye alitangulia baadaye kidogo. Sufuria akaniachia mimi, ingawa alikuwa na wana, kwa kuwa wanawe walikuwa wameshaanza kupenda masufuria mepesi.

Basi siku moja nasikiliza redio, nasikia Afrika Mashariki imekubaliana soko la pamoja, na watu watakwenda huku na huku kwa uhuru. Nilikuwa nasaga tangawizi. Niliacha kusaga. Nilimwambia mke wangu, marehemu Bi Asha, kwamba sasa Mize atakuja. Bi Asha alikuwa mwanamke wa busara, akasema tungoje kwanza waseme uhuru wa nani, maana uhuru ule unaanza kwa kukuuliza karatasi, na Mize karatasi hana. Nilimkasirikia siku nzima. Alikuwa na haki.

Lakini mimi karatasi ningeweza kupata. Mize akanipigia simu kwamba binti yake Zuhura anaolewa, na hataki mpishi mwengine. Sikulala kwa furaha. Nikaenda ofisini nikaomba hati ya muda, ile ya kusafiria ndani ya Afrika Mashariki, nikapewa kwa heshima zote. Nikalisugua sufuria kwa ndimu na mchanga mpaka likang'aa. Nikafunga viungo kwenye vitambaa, bizari nzima peke yake, mdalasini peke yake, hiliki peke yake, maana vikisafiri pamoja vinaibiana harufu. Hilo nalo likumbukeni. Mwiko nikaushika mkononi.

Tulipofika upande wa pili, tukapangwa foleni mbele ya meza mbili, moja ya mizigo na moja ya watu. Mtu wa mizigo aliligonga sufuria kwa kidole, akaniuliza kama ni jipya. Nikamwambia limenizidi umri. Akacheka, akasema lipite. Haji na wavuvi wawili walikuwa wameruhusiwa kuingia kubeba, wakalinyanyua wakatoka nalo. Mimi nikasogea meza ya watu.

Palikuwa na kijana mmoja, mtu wa bara ya kule, mwenye adabu. Aliniamkia. Akaitazama karatasi yangu, kisha akautazama mwiko, ambao ukisimama unanifika begani. Akaniuliza, "Mzee, umekuja kufanya nini?"

"Kupika."

"Kupika ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo kazi yangu, mwanangu. Umri wangu wote."

Yule kijana akageuka nyuma kidogo, akapunguza sauti. "Mzee, wewe umekuja harusini. Sema umekuja kutembea, nikugongee muhuri upite."

Wanangu, ningekuwa fundi seremala au mwalimu wa skuli ningesema kutembea, nikapita, leo nisingekuwa na habari ya kuandika. Lakini nilikuwa mwanafunzi wa Kombo wa Ole. Kwangu mimi kusema nimekuja kutembea na mwiko uko mkononi ilikuwa kama imamu kusema amekuja msikitini kupumzika. Nikanyooka nikamwambia, tena kwa sauti, kwamba mwenye mwiko hatembei, na mimi sikuja kukaa mkekani, nimekuja kazini.

Mkubwa wake alikuwa nyuma yake, na neno kazi akalisikia. Akaja. Hakuwa mkali hata kidogo, hata chai aliniagizia. Akanieleza kwamba mkataba unamruhusu mgeni kuingia, na mfanyakazi naye unamruhusu, lakini mfanyakazi lazima awe na kibali kilichoombwa kabla, na mimi nimeshasema kwa mdomo wangu kwamba ni mfanyakazi. Nikamwambia silipwi, ni mtoto wa dada yangu. Akasema hata hivyo. Nikamwambia basi natembea. Akanitazama kwa huruma, akasema, mzee, sasa hivi umenambia hutembei.

Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona Mize. Alikuwa amesimama na wanawake wenzake nyuma ya kamba, amejikinga jua kwa mkono. Alikuwa amenenepa. Nilimjua kwa anavyosimama, mguu mmoja mbele, tangu mdogo. Alilitazama sufuria likitoka mlangoni limebebwa, halafu akatazama nyuma ya sufuria aone nani anafuata. Aliendelea kutazama. Nilinyanyua mwiko juu anione, naye akanyanyua mkono, akadhani nakuja. Nikarudishwa na chombo kile kile kilichonileta.

Sufuria lilivuka, mimi nilibaki. Nyumbani Bi Asha hakunicheka, na hilo ndilo lililonionesha kwamba limekuwa zito. Mize alipopiga simu siku ya pili ya harusi alijitahidi kunifurahisha.

"Waliopika waliuvuruga wali, kaka, ukawa bokoboko. Watu wakala kwa adabu tu. Nkewe kadhi kaniuliza kama ni uji wa ada ya kwechu."

Nilicheka, kisha nikamwambia anirudishie sufuria na mabaharia, shughuli zinaningoja. Ada yetu mnaijua, jirani akikuletea kitu kwenye sahani, sahani hairudi tupu. Hata ukiwa huna, utatia ndimu mbili. Mize akasema, "Sufuria la ndugu yangu halirudi tupu. N'talileta mwenyewe, siku n'takayoweza kuja na kurudi."

Kwa hivyo wale mlionisema mtaani kwamba Mzee Faki ameingia usasa, anapikia masufuria ya dukani, sasa mnajua kwa nini. Nilipika miaka yote iliyobakia kwa masufuria ya watu. Nilipita misiba na harusi za vyama vyote, na yalipokuja maridhiano nilipika harusi ya wale wale waliorudisha masinia. Walikuja wote, wakala wote, na mzee mmoja akaniomba niongeze. Nilitamani Mzee Kombo awepo. Nikifunika kila sufuria nililoazima nilikuwa najiuliza kule Shimoni sufuria langu limefunikwa na nani. Mnaniuliza kwa nini sikwenda tena, sasa nikiwa mjanja wa kusema kutembea. Mwanzo nilikuwa na hasira, tena niliona haya mbele ya ile meza. Kisha Bi Asha akaanza kuumwa, nikamuuguza mpaka alipofariki. Ukaja ule ugonjwa wa barakoa, bahari ikafungwa. Haji akafa katikati ya hayo, akazikwa kule, na mimi nikampa mkono wa rambirambi mdogo wangu kwa simu. Ukiahirisha jambo la moyoni, kila siku hukuletea sababu nzuri.

Halafu serikali ya kule ikawatambua Wapemba wao, ikawapa vitambulisho. Mize alinipigia akilia. Alisema ameshikilia kadi yenye sura yake na hajui aiweke wapi, kila mahali anaona itapotea. Nikamwambia aitie kifuani kama mama alivyokuwa akitia hela. Naye akaniambia anakuja.

Alishuka bandarini kwetu na wachukuzi wawili wamebeba sufuria. Nimesimama nje nasikia kila kitu. Afisa wetu akamuuliza amekuja kufanya nini.

"Kurudisha sufuria," Mize akasema.

Afisa akacheka, akamgongea muhuri. Mnaona? Hakwenda skuli zaidi yangu, lakini alijua la kusema. Sufuria lilikuwa limejaa mchele wa Vanga mpaka mdomoni, na juu ya mchele bakuli la bati lenye maua, ndani yake achari ya maembe. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amekonda, na alinukia moshi wa kuni wa jiko asilolijua mama yetu. Tulishikana pale bandarini, na sikuona haya ya mtu.

Siku ya pili nilipika. Sufuria kubwa vile kwa watu wachache, wali ulikaa chini tu, na Mize alikaa kwenye kibao akinitazama kama mtu anayekagua. Nilipunguza moto, nikapalia, nikaondoka jikoni. Baada ya kupakua nikang'oa ukoko. Ulitoka mzima, mwekundu, wa kuwapigia mfano nyinyi. Nikaukata pande mbili nikamsogezea sahani, na Mize, mwanamke wa wajukuu, akachukua pande kubwa bila hata kufikiri.

Akatia mdomoni. Nami nikatia langu. Tukakaa hivyo. Kumbe mwenzangu magego hana, na mimi nimebakiwa na mawili yasiyokutana. Ukoko niliouota miaka yote ulikuwa unazunguka mdomoni kama kokoto. Tukatazamana, akaanza yeye kucheka, na mimi nikacheka mpaka nikashika ubavu. Kisha akachukua buli akaumiminia chai ya maziwa, tukangoja ulainike, tukaula kwa vijiko. Nilimwambia pale pale, mdomo umejaa, kwamba nimetamani kumwona kila siku niliyopika. Akanambia anajua. Akasema na yeye alikuwa akipika wali wa siku kuu ndani ya lile sufuria, akang'oa ukoko, akakata pande mbili, na pande dogo akaliweka kando mpaka kuku wakalila.

Nilikuwa nimeshamsafishia chumba cha mama. Nikamwambia akae, mambo yamekwisha, hakuna wa kumfukuza. Alinishika mkono kabla ya kunijibu.

"Kaka, kwechu sasa ni kule. Haji kalala kule, wana kule. Miaka yote ile sikuja kwa kuwa n'kija sintorudi. Nimekuja kwa kuwa sasa naweza kurudi."

Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimeusubiri uhuru ule niliousikia redioni nikidhani utanirudishia mdogo wangu, na ulipokuja uliniletea mgeni mwenye tarehe ya kuondoka. Nilikaa na uchungu huo siku mbili. Nilimpikia, nikamsindikiza kaburini kwa mama, akamsomea, akamwambia ameshakula. Siku ya kuondoka nilimpakia nazi na muhogo wa Ole, nikasimama bandarini mpaka hakuna cha kutazama.

Nilipoingia jikoni nikaliona lile bakuli la maua juu ya kinu. Nikampigia simu usiku alipofika, nikamwambia amesahau bakuli lake.

"Sikusahau," akasema, akanitakia usiku mwema.

Basi ndiyo sababu nawaandikia sasa, wanangu. Juzi nilikwenda kuomba hati. Binti wa dirishani aliniuliza sababu ya safari, nami nikamwambia kutembea. Hakusikia vizuri, nikalirudia. Bakuli nimeshalitia ukoko mkavu, nimelifunika kitambaa, kule chai ipo. Sufuria la shaba na mwiko viko nyuma ya mlango wa jikoni. Njooni mvichukue asubuhi, si alasiri, na mniahidi mfuniko hamtaufungua. Sivitoi kwa kuchoka na kazi. Mwenye mwiko hatembei, na mimi nataka kwenda kukaa mkekani kwa dada yangu.